Ulimi wa Wawrzyniec

Poland nzima hakuna mwanamke anayeijua spiriti kama mimi. Haya, naijua kwa kusafishia madirisha ya kiwanda.

Siku ile mgeni Mjerumani aliyatazama matanki yetu ya spiriti, akavua kofia.

"Zamani mlinunua kwetu. Leo mnatengeneza kutupita! Mnawezaje?"

Mkurugenzi alivimba kwa fahari. Mkononi alishika ufunguo wa ghala, tayari kumkabidhi mlinzi wetu, Wawrzyniec. "Mweleze mgeni, bwana."

"Hapa haonji mtu!" Wawrzyniec akaangua kicheko.

Ulimi wake ulikuwa wa zambarau, rangi ileile tunayoitia spiriti ili watu waogope kuinywa.

Mkurugenzi akaufumbata ufunguo. "Na huo ulimi?"

"Matunda ya porini, Bwana Mkurugenzi. Nimeyachuma leo asubuhi."

Nje, theluji ilikuwa imefika magotini.