Kristali ya Tatu

Kristali ya tatu nayo ilikosea, tena kwa kiasi kile kile.

Binti alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda cha baba yake, chuma cha kulehemu mkononi, mbele yake kibao cha sakiti kisichozidi kiberiti. Hicho ndicho kilikuwa ubongo wa pampu iliyokuwa ikimtilia mzee dawa ya moyo mshipani, tone baada ya tone. Kristali, kijiwe kidogo kilicholehemiwa juu yake, hukipa mapigo. Mapigo yakienda mbio, matone nayo huenda mbio, na dawa ile ikizidi, daktari alishawaambia, moyo hulegea mpaka unasimama.

Ubongo wa kiwandani ulikufa, mwingine ukakosekana, naye akajitia kimbelembele kuutengeneza mwenyewe. Sasa alitamani ardhi immeze. Pampu ameizima, na mzee hakutakiwa kukaa bila dawa kwa muda mrefu.

Kule karakanani kwake kipimo kilionyesha kila kitu sawa. Humu chumbani, kijitaa cha kibao kilichopaswa kuwaka kila dakika kiliwaka kabla mshale wa saa ya ukutani haujatimiza dakika.

Na saa ile haikuwa ya kubishana nayo. Baba yake alikuwa fundi saa tangu ujana. Majirani walizoea kuchungulia dirishani ili warekebishe zao. Ilitundikwa juu ya kitanda, kisahani cha pendulamu yake kikiyumba taratibu nyuma ya kioo chenye alama za vidole. Simu yake binti ameiacha kwenye kapu mlangoni. Hilo lilikuwa sharti la mzee: anayekuja kumwona aje mzima, asije nusu. Binti alilitii, ingawa kila akitoka hapa alijikuta amechelewa kazini, na wateja wakamtania kwamba kwa baba yake viti vina gundi.

"Mbona mimi niko salama," mzee alisema.

Binti hakumwamini. Wazee huumia kimya. Alikagua upya kila alipolehemu, akashuku joto, akaishuku hata chipu yenyewe. Lakini kristali tatu zikosee sawasawa kama zimepatana? Hajawahi kuona jambo hilo, na lilimtisha kuliko kosa lenyewe. Akaungua kidole.

Akaweka chuma chini. Maji yalikuwa yamezidi unga.

"Nakupeleka hospitali, baba," alisema. "Utalazwa huko mpaka ipatikane pampu nyingine. Naogopa. Nitakuua kwa mikono yangu."

Mzee akauliza huko wanaruhusu watu kuja kumwona mgonjwa kwa muda gani.

"Nusu saa, jioni."

Binti alikwisha kuinuka kutafuta viatu vyake alipomsikia akijiinua kwa shida juu ya godoro. Mzee alikuwa amekaa, mkono ameunyoosha juu ya kichwa chake. Akafungua kioo cha saa bila hata kuangalia, akashika kisahani, akakisukuma juu na kukaza skrubu yake.

"Washa pampu yako, mwanangu, haina kosa," alisema, macho yake yakiwa ukutani. "Hii ndiyo huwa naipunguza mwendo, siku unazokuja."