Waliomsalimu kwa Jina

Sanduku la barua pepe la Bi Siwatu lilikuwa limejaa hadi barua mpya haziingii. Humo mlikuwa na wageni watupu, wakimtangazia mikopo, dawa na bahati nasibu, na kila mmoja alikuwa amejibiwa kwa adabu.

"Mama, hata huyu anayeuza dawa ya upara umemuuliza kama watoto hawajambo?" Zamda, mwenye duka la intaneti, alicheka. "Ndiyo maana wanazidi!"

"Amenisalimu kwa jina langu, mwanangu. Ningeachaje kuitikia?"

"Hao si watu. Ni mashine."

Bi Siwatu aliyapitia tena majina yale kwa macho. Tangu binti yake ahamie ng'ambo, hakuna mwingine aliyemsalimu asubuhi. Lakini binti huyo alikuwa karibu kujifungua, na barua yake ingepita wapi?

"Nifute zote?"

"Futa." Kisha akamshika mkono. "Ngoja kidogo." Akakiinamia kioo cha kompyuta, akanong'ona, "Kwaherini."

Zamda akabonyeza. Ukurasa ukabaki mweupe. Bi Siwatu akasogeza kiti karibu, akajitengeneza ushungi, akaukazia macho ule weupe kama mtu aliyesikia hodi.