Mlango Mpana wa Mhanga

Walikuwepo majirani wawili: Nungunungu, asiyetaka kusikia habari za uzee, na Mhanga, mnyama mchimba mashimo, aliyeungoja kama mgeni aliyekwisha tuma salamu.

Nungunungu aliishi pangoni, juu ya mwamba. Kiangazi kimoja alimkuta Mhanga akichimba shimo bondeni, karibu na maji.

"Jirani, kucha zako bado kali. Makao ya vikongwe ya nini?"

"Zikishakuwa butu nitachimba na nini, mzee mwenzangu?"

"Nani mzee? Mimi? Na mlango mpana hivi, unangoja harusi?"

Mhanga alicheka, akaendelea kuchimba. Nungunungu akaupanda mwamba mbio, ili aonekane bado ana nguvu.

Miaka ikapita. Siku moja Nungunungu alijaribu kupanda mara tatu, akateleza mara tatu, na fisi akaanza kulia karibu. Akashuka bondeni hadi kwenye lile shimo.

"Nimepita kukusalimu tu," alisema.

"Ingia."

Nungunungu alidhani miiba yake ingekwama. Akaingia taratibu, wala hakuna mwiba uliogusa ukuta.

"Mlango huu ni mkubwa mno kwako," alisema.

"Niliupima kwa miiba yako," Mhanga akajibu.

Nungunungu akailaza miiba yake, akasogea ndani.