Posa ya Mtu wa Mvua

"Sisi tuliambiwa kijana ni mtu wa benki," baba wa binti alisema, akaweka kikombe chini.

Silvanus nusura apaliwe na sambusa. Benki? Alimlaani mpwa wake kimoyomoyo. Huyo Eliudi amewadanganya wakwe, halafu yeye amebaki kwake Upper Marlboro, hukuhuku ughaibuni, amekunja nne, kwa kuwa mposaji haji kwenye posa yake mwenyewe. Uongo wake aje kuusafisha mshenga.

Na walikuwa wameshachelewa. Majengo ya mtaa ule wa Riverdale Park yote yana sura moja, lifti mbovu, simu ya Silvanus imeisha chaji. Kama dada yake Edna asingenusa pilau kwenye ngazi, wangekuwa bado wanazunguka. Walibisha mara moja tu, mlango ukafunguliwa. "Karibuni, tumewangoja mpaka tumechoka."

Eliudi alikuwa amemwambia neno moja: "Mjomba, nikimkosa Irene, mimi nimekwisha." Silvanus hakuwahi kumtia machoni huyo Irene, lakini kijana alilia. Mtu mzima, na ndevu zake.

Basi akakohoa kidogo. "Mzee wangu, tumeona ua bustanini kwenu," alianza upya, maana binti hatajwi jina mpaka wenyewe wamwite. "Kijana wetu hayuko benki. Anatengeneza gemu."

"Gemu," baba alirudia, kama aliyeambiwa kijana anauza bangi.

"Za studio ndogo ya Osaka, kule Japani. Yeye anaifanyia kazi hapahapa, kwenye kompyuta. Niwaelezeni ilivyoanza."

Akawaeleza. Wajapani watatu, waliofukuzwa kwenye kampuni kubwa kwa ubishi, walipanga chumba juu ya duka la tambi. Gemu yao ya kwanza ilimhusu fundi wa miamvuli. Haikununuliwa. Kaseti zilizobaki wakazipanga zikawa meza, na juu ya meza hiyo wakatengeneza ya pili. Mwenye duka aliwalisha kwa huruma mpaka wakanenepa.

"Hiyo ya pili ni bibi anamtafuta paka wake kwenye mvua, basi. Hakuna bunduki wala kuuana. Watu nchi za mbali huko wakamlilia huyo bibi."

"Alimpata?" mama wa binti aliuliza.

"Nani, mama?"

"Paka."

"Alimpata."

"Afadhali," mama alisema, akamwongezea chai.

Silvanus akapata nguvu. Alisema matajiri walikuja kuinunua studio, wenyewe wakakataa. Mpaka leo wako juu ya duka lilelile. Kila wakimaliza gemu wanafunga ofisi na kuwapeleka mama zao milimani kuoga maji ya moto. Hapo mama wa binti alimtazama mumewe kwa jicho refu.

"Na kijana wenu anafanya nini humo?" baba aliuliza.

"Mvua."

"Mvua?"

"Sauti ya mvua, mzee. Ya kwenye bati mbali, ya kwenye migomba mbali, ya kwenye mwavuli mbali. Amekulia Bukoba, mvua anaijua. Mkubwa wa wale watatu alipoisikia mara ya kwanza aliomba kitambaa afute macho. Na leo, kuambiwa tu kijana anaposa, amekataza mtu yeyote kwenda kulala kule Osaka mpaka majibu yapatikane."

Jikoni sufuria zilikuwa zimenyamaza muda mrefu. Kwa mara ya kwanza Silvanus alimwonea Eliudi huruma ya kweli.

"Mmesema vizuri," baba alisema mwishowe. "Mimi mtu wa benki nilimpenda, sifichi. Lakini anayeolewa si mimi." Akageukia jikoni. "Leokadia! Njoo useme kama wageni hawa unawajua."

Silvanus akamtazama Edna. Leokadia nani tena? Wao wamekuja kumposa Irene. Edna akainamisha macho kwenye sahani yake ya pilau, ambayo alikuwa ameshaila yote.

Binti akatoka, kanga kiunoni, mwiko mkononi. Akapiga goti, akawaamkia wote wawili, akawatazama vizuri.

"Baba, hawa siwajui kabisa," alisema. "Lakini huyo wa mvua nimemkubali."