Mto wa Sufi

Mzee Kibwana aliingia kwa bintiye amekumbatia mto mdogo wa sufi alioushona mwenyewe. Akamkuta mjukuu wake wa kwanza kalala chali juu ya godoro tupu.

"Mwanahawa, unamlaza mtoto kama samaki wa mnadani! Wewe nilikulaza kifudifudi, kichwa juu ya mto."

"Kliniki wanasema chali ndiyo salama, baba. Mto unaweza kumziba pumzi. Ukikubali hilo, kila mchana utamlaza wewe."

"Kila mchana?" Sauti ilishalainika.

Mwanahawa akatoka kuanika nguo. Aliporudi, wote wawili walikuwa wamelala chali: mtoto kitandani kwake, babu sakafuni akikoroma, ule mto mdogo chini ya upara wake.