Mkimbiaji wa Nne wa Wahunzi

Kwa Jumapili ya tisa mfululizo Roscoe Tidwell aliambiwa kwamba yeye ni wa nne, na kwa mara ya tisa habari hiyo ilimwingia kana kwamba ndiyo kwanza anaisikia.

"Wa nne katika nini?" aliuliza.

"Katika wakimbiaji wote waliowahi kubeba mpira kwa jezi ya Wahunzi," alisema Dewey Stokes, akimega mkate wa mahindi. "Massengale wa kwanza. Whitlow wa pili. Huyu kijana wa sasa wa tatu. Halafu wewe, kaka, na hapo nimekupendelea."

Roscoe alijaribu kuinuka kitini, akashindwa. Alikuwa na miaka sitini na minane. Kwa misimu minane ya futiboli ya Kimarekani alikuwa amepenya na mpira mikononi katikati ya majitu ya kilo mia na ishirini, akigongwa kichwa wiki baada ya wiki, na sasa madaktari walisema ubongo umechakaa. Hakujua asubuhi amekula nini. Lakini yadi alizowakimbilia Wahunzi alizijua zote: elfu saba mia mbili kumi na nne. Alizitaja kwa sauti ya kutetemeka.

Dewey aliuliza kama yadi hizo ziliwahi kuleta kombe. Massengale alileta mawili. Akauliza tena ni nani aliyeangusha mpira kwenye nusu fainali, zikiwa zimebaki yadi mbili tu kufika mstari wa mwisho. Roscoe aliitazama mikono yake mikubwa, mmoja baada ya mwingine. Kisha akaanza kulia, wazi wazi, kamasi zikimtoka.

Harlan Pruitt aligeuza uso kwenye televisheni. Enzi zile kazi yake ilikuwa kumfungulia Roscoe njia, kuwagonga watu ili mwenzake apite. Tangu Septemba wazee hawa watatu walikuwa wakikutana hapa kwa Roscoe kula na kutazama mechi, na mjadala ulianza kama utani tu. Harlan aliamini ni Dewey aliyeugeuza kisu. Dewey alikaa benchi miaka mitano nyuma ya Roscoe, na mtu wa namna hiyo hasahau.

Verlene, mke wa Roscoe, alitoka jikoni na kitambaa cha maji ya vuguvugu. Alimpangusa mumewe mashavu, pua, kidevu, polepole. Hakumkemea mtu. Aliuliza tu kama kuna anayetaka maharage zaidi.

Mtaa mzima ulimsifu Verlene. Watoto wao wawili walihama Ohio mara tu walipomaliza shule na hawakurudi hata kwa Krismasi. Ndugu walimshauri ampeleke mzee kwenye makao ya wagonjwa, akakataa katakata. Alisema mume wake atamtunza mwenyewe.

Machozi yale hayakumtoka Harlan akilini wiki nzima. Jumatano alimpigia simu Dewey, akamwambia kwamba kumtesa mgonjwa ni unyama, na kama ana kinyongo cha benchi akamalizie kwingine. Alitarajia ugomvi.

"Usiniulize mimi, Harlan," alisema Dewey. Akaongeza kwamba Jumapili hatakuja.

Harlan alikwenda peke yake. Alibeba ukurasa wa gazeti alioutunza miaka arobaini, wenye picha ya Roscoe akiwa hewani juu ya rundo la watu, mpira kifuani. Aliuweka magotini pa rafiki yake na kumwinamia.

"Roscoe, nisikilize. Mimi nilikuwa mbele yako misimu sita. Wakimbiaji wote wa timu hii nimewaona kwa macho yangu. Hakuna aliyekufikia. Wewe ndiye wa kwanza."

Roscoe alimkazia macho. "Kuliko Massengale?"

"Kuliko Massengale."

Uso wa mgonjwa ulifunguka. Mgongo ukanyooka, kifua kikajaa, na ile sauti nzito ambayo Harlan hakuwa ameisikia kwa miaka ikarudi. Roscoe alipiga mkono wa kiti kwa ngumi.

"Verlene! Umesikia? Lete bia hapa."

Jikoni sahani ilianguka ikavunjika. Baada ya muda Verlene alitokea na chupa. Aliiweka kwenye ncha ya mbali ya meza, akaisukuma kwa vidole, akarudi nyuma hatua mbili.

"Mbona umechelewa?" Roscoe aliuliza.

Harlan alicheka. Ndoa za zamani, aliwaza, zina utani wake. Mchana ule alimtazama rafiki yake akiishi tena: akiwatukana waamuzi, akisimulia michezo ya kale bila kukosea hata jina, akimwita mkewe kila dakika tano. Wahunzi walishinda. Roscoe alisinzia akitabasamu.

Nje baridi ilikuwa kali. Harlan alikuwa anafungua mlango wa gari alipomwona Verlene akimfuata bila koti, mikono ameikumbatia kifuani. Alijua amekuja kumshukuru. Aliona haya kidogo, akaanza kusema kwamba si kitu, kwamba alipaswa kufanya hivi zamani.

"Dewey nilimtuma mimi," alisema Verlene. "Miaka thelathini na minne aliyekuwa analia ndani ya nyumba hii ni mimi, Harlan. Jumapili ijayo atakuwa ameshasahau ulichomwambia leo, kwa hiyo njoo na Dewey, na msimwachie mpaka alie."