Fungua ya Nasibu

Nasibu alikuwa bado hajatenganisha funga na fungua. Ukitaka akufungulie, ulimwambia afunge. Nyumba nzima ilishazoea, na baba yake alicheka kila mara mpaka machozi.

Asubuhi ya kuhama, Riziki, mama yake, aliingia chumbani kuchukua ufagio, kitu cha mwisho kilichobaki. Nyuma yake mlango ukasukumwa, na komeo la nje, lile la chini, likaingia.

"Mama yumo," Nasibu akasema, akijichekea.

"Mama Nasibu, twende," mumewe aliita kutoka kwenye lori. "Mama yangu anatungoja. Ametugawia nusu ya chumba chake, na pazia ametundika mwenyewe."

Riziki aliinama karibu na mlango.

"Funga, baba."

Komeo likatoka, mlango ukaachia upenyo. Akaliona lori, na juu ya mizigo kitanda chake kimelazwa miguu juu kama mende aliyekufa. Kitanda cha watu wawili, cha kwenda kuwekwa nyuma ya pazia la mkwe.

"Mama Nasibu." Sasa sauti ilikuwa inakuja na nyayo.

Mtoto alikuwa akimtazama, mkono ungali juu ya komeo, akingoja kusifiwa. Riziki alimbusu kwenye paji la uso, kisha akaurudisha mlango taratibu mpaka ukagusa fremu.

"Fungua, baba," alinong'ona. "Fungua kabisa."

Komeo likaingia. Riziki akaketi sakafuni, ufagio mapajani.